Utatuzi wa matatizo ya draiva za skrini kwenye kerneli ya Linux: dalili, chanzo na pa kuanzia

Draiva za skrini za Linux zinakaa kwenye `drivers/gpu/drm` (DRM ni sehemu ya kerneli inayoendesha kadi za michoro na skrini), na karibu kila lalamiko juu yake linakuja kwa maneno mawili: skrini nyeusi. Fundi wa mtaani akiletewa mashine ya hivyo atakwambia kioo kimekufa. Mara nyingi kioo ni kizima. Kilichokatika ni kipande kimoja kati ya bafa ya kumbukumbu na pini za kebo, na kazi yako ni kujua ni kipande gani kabla ya kufungua kihariri.

Kwa hiyo tenganisha maswali mawili tangu mwanzo. Kerneli inaamini inaonyesha nini? Na waya umebeba nini? Anayeyachanganya hushinda wiki nzima akibadilisha rejista (namba za mipangilio ndani ya kifaa) wakati adapta ya HDMI kwenda VGA ndiyo mbovu, au hununua kebo tatu wakati draiva yake haijawasha saa ya pikseli.

Mazingira yetu ya Arusha na Moshi yanaongeza mambo yake. Mashine za kujaribia ni za mtumba, nyingi zikiwa na kioo cha 1366x768. Projekta za kumbini bado zinaingia kwa VGA. Umeme hukatika kerneli ikiwa katikati ya kukompailiwa. Na si ajabu mwenye kifaa awe Moshi huku anayeandika draiva yuko Arusha, hivyo kila kinachoombwa lazima kiweze kutumwa kwa bando la kawaida.

## Kwanza, njia ya pili ya kuingia

Usitafute hitilafu ya skrini kwa kutumia skrini hiyo hiyo. Kabla ya kupakia moduli mpya hakikisha `sshd` (huduma ya kuingia kwa mbali) inawaka yenyewe na unaweza kuingia kutoka kwenye simu. Kwenye bodi ndogo tumia seriali: adapta ya USB kwenda TTL ya volti 3.3 (ya volti 5 huweza kuunguza pini), nyaya tatu tu, TX kwenda RX, RX kwenda TX, na GND kwa GND, kasi 115200. Kompyuta mpakato isiyo na seriali hutumia `netconsole`, inayotuma logi ya kerneli kwa mtandao na ambayo inahitaji kebo ya mtandao kwa sababu kwa kawaida haipiti kwenye Wi-Fi:

`netconsole=6665@192.168.1.10/eth0,6666@192.168.1.20/`

Upande wa pili unasikiliza kwa `nc -u -l 6666`. Kama mashine iliganda lakini diski iliwahi kuandika, `journalctl -k -b -1` itakupa maneno ya mwisho. Kuanzia toleo 6.10 kerneli yenyewe inaweza kuchora taarifa ya kuanguka kwenye skrini kupitia `drm_panic`, lakini hilo linafanya kazi tu pale draiva inapokuwa imeandika `get_scanout_buffer`. Ukiandika draiva mpya, iweke mapema, itakulipa.

Kwenye mstari wa kuwashia ongeza `drm.debug=0x16 log_buf_len=4M`. Namba hiyo ni jumla: 0x02 ni ujumbe wa draiva, 0x04 ni wa KMS (sehemu ya DRM inayopanga ukubwa wa picha na njia yake), 0x10 ni wa atomiki (mabadiliko yanayokubaliwa yote kwa pamoja au kukataliwa yote). Wapo wanaoweka 0x1ff ili wapate kila kitu, na kweli wanapata kila kitu, ikiwemo 0x20 ya vblank (mapumziko kati ya fremu moja na nyingine) inayomwaga mistari kila fremu mpaka mwanzo wa logi unasukumwa nje. Na mwanzo ndio unaohitajika. Kubadilisha bila kuwasha upya:

`echo 0x16 > /sys/module/drm/parameters/debug`

Aliyeko mbali na wewe mwombe vitu vitano: `dmesg` yote kuanzia sekunde ya sifuri, si mistari ya mwisho tu, matokeo ya `lspci -nnk`, faili la `state` tutakalolieleza, faili la EDID (taarifa ambayo skrini inajieleza, hasa ukubwa inaoukubali), na picha ya simu ya skrini yenyewe. Afunge yote kwa `xz` kabla ya kutuma. Logi ni maandishi, hupungua sana.

## Skrini nyeusi tangu kuwaka

Bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima, kerneli iko hai na tatizo ni la njia ya picha. Isipobadilika, kerneli imeanguka au imeganda. Rudi kwenye seriali au `netconsole`, usiendelee hapa.

Kerneli ikiwa hai, tazama kama draiva imeshika kifaa. Kwenye `lspci -nnk` tafuta mstari wa `Kernel driver in use` chini ya kadi ya michoro. Usipokuwepo, chanzo ni kimoja kati ya hivi.

`nomodeset` imebaki. Mtu aliweka neno hilo kwenye GRUB (programu inayoiwasha kerneli) siku ya kusakinisha ili mashine iwake, akasahau. Likiwepo, draiva halisi hukataa kuanza. Soma `/proc/cmdline` kabla ya kusoma msimbo wowote.

Moduli haijiiti yenyewe, lakini `modprobe` ya mkono inafanya kazi. Umesahau `MODULE_DEVICE_TABLE`. Jedwali la vitambulisho lipo ndani ya draiva, ila `depmod` haikuliona, kwa hiyo `modules.alias` haina mstari wake na udev (programu inayoita moduli kifaa kinapoonekana) haijui imwite nani.

Programu dhibiti haipo. Logi itasema `Direct firmware load for ... failed with error -2`. Faili likiwepo kwenye `/lib/firmware` na bado unapata -2, angalia wakati: draiva iliyojengwa ndani ya kerneli, au iliyomo kwenye initramfs (mfumo mdogo wa mafaili unaopakiwa mwanzoni mwa kuwaka), huanza kabla mfumo mkuu wa mafaili haujafunguliwa. Weka faili ndani ya initramfs, au geuza draiva iwe moduli.

Kwenye bodi za ARM, -517. Hiyo ni `EPROBE_DEFER`, maana yake draiva inamsubiri mwingine: saa, umeme wa kioo, daraja la HDMI, kioo chenyewe. Si kosa mpaka isubiri milele. `cat /sys/kernel/debug/devices_deferred` itakutajia anayesubiri, mara nyingi na sababu. Mara nyingi ni jina la `compatible` lililokosewa herufi kwenye devicetree (faili linaloieleza kerneli vifaa vya bodi), au draiva ya regulator (kidhibiti cha umeme) ambayo hukuiwasha kwenye `.config`.

Draiva ikiwa imeshika, ingia `/sys/class/drm`. Usishangae kadi yako ikiitwa `card1` badala ya `card0`: `simpledrm` ilitangulia kuchukua namba ya kwanza wakati wa kuwaka, kisha ikampisha. Soma `status` ya konekta, yaani tundu la kebo. Ikisema `disconnected` na kebo imechomekwa, shida ni ya kugundua: pini 19 ya HDMI ndiyo inayobeba ishara ya kuchomekwa, na pini 18 inabeba volti 5 ambazo chanzo kinampa mwenzake. Bodi iliyosahau kuwasha volti hizo 5 haitapata jibu, hata draiva iwe safi namna gani. Unaweza kulazimisha kwa `echo on > status` ili uone kama sehemu iliyobaki ya njia ni nzima.

Ikisema `connected`, soma kile kerneli inachoamini: `/sys/kernel/debug/dri/0/state`, au `dri/1`. Sehemu inayohitajika ni hii (`plane` ni tabaka la picha, `fb` ni bafa yake, `crtc` ni kipande kinachosoma picha na kuituma kwenye konekta fremu kwa fremu):

```
plane[31]: plane-0
	crtc=crtc-0
	fb=52
		format=XR24 little-endian (0x34325258)
		size=1920x1080
			pitch[0]=7680
crtc[36]: crtc-0
	enable=1
	active=1
	mode: "1920x1080": 60 148500 1920 2008 2052 2200 1080 1084 1089 1125 0x48 0x5
```

`fb=0`: hakuna programu iliyoweka picha, kwa hiyo weusi ni sahihi na kosa liko juu ya kerneli. `active=0`: skrini imezimwa kwa makusudi. Vyote vikiwa kama hapo juu na bado ni giza, kerneli imekamilisha upande wake wa karatasi, na unachokitafuta sasa ni tofauti kati ya rejista ulizoandika na zile ambazo kifaa kilizitaka.

Kwa kompyuta mpakato kuna jaribio la sekunde chache: mulika kioo kwa tochi ya simu ukiwa umeisogeza karibu kwa pembeni. Ukiona picha hafifu, video iko sawa na taa ya nyuma ndiyo imelala. Tazama `/sys/class/backlight`, saraka ikiwa tupu hakuna aliyesajili taa, na ikiwa na majina mawili huenda mazingira ya dawati yanamwamuru asiyeunganishwa na kitu. Jaribu `acpi_backlight=native`, kisha `video`, kisha `vendor`, kwa mpangilio huo.

Kioo kinachowaka mara ya pili tu, baada ya kuzima na kuwasha, kina tatizo la subira. Maelezo ya kioo kwenye `panel-simple` yana muda wa `prepare` na `enable` kwa milisekunde. Ukiweka pungufu ya ule wa karatasi ya mtengenezaji, mara ya kwanza kioo hakijaamka amri zinapofika. Usiongeze kwa kubahatisha hadi 500 halafu ukaacha hivyo. Tafuta namba halisi, kwa sababu mtumiaji ataisubiri kila anapofungua mashine.

## Ukubwa ni 1024x768 tu, hata kwenye TV kubwa

Dalili hii ni kama alama ya kidole. Konekta ikisema imeunganishwa lakini EDID haikusomeka, wasaidizi wa DRM huongeza ukubwa wa kawaida usiozidi 1024x768. Ukiiona, acha kila kitu ufuate EDID.

`cat /sys/class/drm/card1-HDMI-A-1/edid | wc -c`

Tumia `cat`, si `ls`, kwa sababu `ls` huonyesha sifuri hata data ikiwepo. Jibu la 0 maana yake hakuna kilichosomwa. 128 ni bloku moja, 256 ni mbili. Bloku nzima huanza na `00 FF FF FF FF FF FF 00`, na baiti zake 128 zikijumlishwa lazima mabaki ya kugawa kwa 256 yawe sifuri. `edid-decode` itakufanyia hesabu hiyo na kukusomea mengine.

EDID inasomwa kwa I2C (njia ya data ya nyaya mbili) kwenye anwani 0x50. Kwenye HDMI ni pini 15 na 16, kwenye VGA ni pini 12 na 15. Kebo nyingi za VGA za bei rahisi hazina kabisa nyaya za pini hizo mbili. Picha inapita, taarifa haipiti. Projekta ikikataa ukubwa wake halisi, badilisha kebo kabla ya kulaumu draiva. Ukipata jibu lile lile kwa kebo tatu tofauti, ndipo uje kwenye msimbo.

Kwenye msimbo, kosa la kawaida ni kusoma mapema mno. Ishara ya kuchomekwa inapofika, pini za I2C zinaweza kuwa hazijagusana vizuri bado. Bloku ya kwanza inakuja nzima, ya pili imejaa FF. Kosa lingine ni kidhibiti cha I2C chenye foleni ya baiti chache na draiva inayoomba 128 kwa mkupuo bila kuigawa: utapata mwanzo sahihi na mkia wa takataka, kila mara mahali pale pale. Takataka inayohamahama ni waya. Takataka isiyohama ni msimbo.

Kifaa chenye EDID mbovu kabisa kipe faili la mkono: `drm.edid_firmware=HDMI-A-1:edid/ukumbi.bin`, faili likiwa `/lib/firmware/edid`. Onyo lile la initramfs linahusu na hapa.

## Skrini inasema hakuna ishara, au picha inanyunyiza nukta

`state` iko sawa, EDID ni nzima, ila TV inalalamika. Fanya hesabu ya saa ya pikseli. 1920x1080 kwa 60 Hz ni 2200 × 1125 × 60, yaani 148.5 MHz. Kwenye SoC (chipu yenye mfumo mzima, kama ya bodi ndogo) tazama `/sys/kernel/debug/clk/clk_summary` uone ulichopewa. Ukiomba 148500000 na mgawanyo wa saa ukakupa 144000000, umepata 58.18 Hz, pungufu ya asilimia 3, wakati uvumilivu unaokubalika ni asilimia 0.5. TV moja itavumilia na nyingine itakataa. Ndiyo maana "kwangu inafanya kazi" haimaanishi kitu hapa. Dawa ni `mode_valid`, kitendakazi cha draiva cha kukubali au kukataa ukubwa, inayomuuliza `clk_round_rate` na kukataa ukubwa usiofikika.

`mode_valid` hiyo hiyo lazima ijue kikomo cha njia. HDMI 1.4 huishia 340 MHz, 2.0 hufika 600. Adapta ya DisplayPort kwenda HDMI ya aina ya kwanza huishia 165 MHz: inatosha 1080p, haitoshi 4K ya 30 Hz inayohitaji 297.

Kwa DisplayPort hesabu nyaya. Laini moja ya 2.7 Gbps hubaki na 2.16 baada ya kodi ya 8b/10b (biti 10 hutumwa kubeba 8); 1080p yenye biti 24 inahitaji 3.564. Kwa hiyo mafunzo ya kiungo (chanzo na skrini kupatana kasi na idadi ya laini) yakishindwa kwenye laini ya pili na draiva ikashuka hadi moja bila kuupunguza ukubwa, skrini itakuwa nyeusi huku logi ikijisifu kwamba mafunzo yamefaulu.

Nukta zinazometameta, hasa kwenye rangi nyeusi, ni biti zinazopotea. Shuka hadi 1280x720, ambayo ni 74.25 MHz. Zikitoweka, ni nguvu ya ishara. Hapo kuna watuhumiwa wawili wanaofanana sura: kebo ndefu ya ukumbini iliyopita darini, na rejista za PHY (sakiti inayosukuma ishara kwenye waya) ulizoweka nguvu ndogo. Chomeka kebo ya mita moja. Nukta zikibaki, ni PHY.

## Picha imepinda, au rangi zimebadilishana

Picha inayoteleza kama ngazi kwenda upande mmoja ni `pitch`, yaani idadi ya baiti kutoka mwanzo wa mstari mmoja hadi mwanzo wa mstari unaofuata. Vioo vyetu vya 1366x768 ndivyo vinavyoifichua. 1366 × 4 ni 5464, ambayo haigawanyiki kwa 64. Kifaa kinachotaka mafungu ya baiti 64 kitasoma kwa 5504. Programu ikiandika kwa 5464, kuna baiti 40 za ziada, sawa na pikseli 10, na kila mstari unasogea kushoto pikseli 10 kuliko wa juu yake. Kwenye 1920x1080 hitilafu hii haionekani kabisa, kwa kuwa 7680 inagawanyika. Ukipima draiva yako kwenye skrini kubwa tu, umepima nusu. Panga `pitch` ndani ya `dumb_create`, na uikatae isiyopangwa ndani ya `fb_create`, maana si kila bafa inatoka kwako.

Nyekundu ikiwa bluu na kijani kikabaki kijani, umechanganya `XRGB8888` na `XBGR8888`. Majina haya ya DRM ni ya namba nzima kwa mpangilio wa baiti ndogo kwanza. Ndani ya kumbukumbu `XRGB8888` ni B, G, R, X. Jaribu bila mazingira ya dawati:

`modetest -M jina_la_draiva -s 32:1366x768@XR24`

32 ni namba ya konekta uliyoiona kwa `modetest -c`. Ukipata kosa -13, kuna programu nyingine inayomiliki skrini. Izime kwa `systemctl isolate multi-user.target`.

Rangi zilizopauka, nyeusi ikionekana kijivu, ni suala la masafa: chanzo kinatuma 16 hadi 235 na skrini inasubiri 0 hadi 255. Baadhi ya draiva zina sifa ya `Broadcast RGB` kwa ajili hiyo. Yako isipokuwa nayo, hakikisha angalau infoframe (taarifa fupi inayotumwa pamoja na picha) inasema ukweli kuhusu unachotuma.

## Kila kitu kinaganda sekunde 10

Logi inasema `flip_done timed out`. Sekunde 10 ndizo wasaidizi wa atomiki wanazosubiri kabla ya kukata tamaa, kwa hiyo mgando wa urefu huo huo kila mara hauna haja ya kubahatisha: tukio la kumaliza fremu halikutumwa.

Anza na interapti, yaani ishara ambayo kifaa kinaipa kerneli. Endesha `modetest` yenye `-v` na kando tazama `/proc/interrupts`. Kwa 60 Hz hesabu inapaswa kupanda takribani 60 kwa sekunde.

Isipopanda kabisa: interapti haijafunguliwa kwenye `enable_vblank`, au namba yake kwenye devicetree si yenyewe, au hukuita `drm_crtc_vblank_on` wakati wa kuwasha CRTC.

Ikipanda kwa maelfu kisha logi ikasema `nobody cared`: hufuti biti ya hali ndani ya kishughulikia interapti, na unarudisha `IRQ_NONE`. Kerneli huuzima mstari huo pale interapti 99,900 kati ya 100,000 zinapokosa mwenyewe. Baada ya hapo skrini inaganda, na wengi hukimbilia ile dalili ya sekunde 10 na kuacha mstari huu uliotangulia.

Ikipanda sawasawa na bado inaganda, hutumi tukio. Ndani ya `atomic_flush` inatakiwa iwe hivi:

```
spin_lock_irq(&crtc->dev->event_lock);
if (crtc->state->event) {
	if (drm_crtc_vblank_get(crtc) == 0)
		drm_crtc_arm_vblank_event(crtc, crtc->state->event);
	else
		drm_crtc_send_vblank_event(crtc, crtc->state->event);
	crtc->state->event = NULL;
}
spin_unlock_irq(&crtc->dev->event_lock);
```

Na kishughulikia interapti lazima kiite `drm_crtc_handle_vblank`. Mahali panaposahaulika zaidi ni kuzima: CRTC ikizimwa ikiwa na tukio mkononi, hakuna vblank itakayokuja tena, hivyo `atomic_disable` ndiyo inayopaswa kulituma papo hapo. Draiva inayoganda tu pale skrini inapolala ina kosa hili, karibu bila ubishi.

Kifaa kisicho na vblank, kama kiskrini cha SPI (njia ya seriali ya bodi ndogo), hakihitaji lolote kati ya hayo. Usiite `drm_vblank_init` na wasaidizi watakuigizia. Huko tatizo ni kasi tu. ILI9341 ya 320x240 yenye biti 16 ni baiti 153,600 kwa fremu. Kwa SPI ya 10 MHz hiyo ni milisekunde 123, fremu 8 kwa sekunde. Kwa 32 MHz ni fremu 26. Anayetaka zaidi atume eneo lililobadilika peke yake.

## Makosa ya -12 na -22

-12 ni kumbukumbu. Vifaa visivyo na IOMMU (kipande kinachounganisha kurasa zilizotawanyika zionekane kama moja) vinataka kumbukumbu iliyoungana, inayotoka CMA, yaani akiba ambayo kerneli imeitenga kwa kazi hiyo. Bafa tatu za 3840x2160 ni baiti 99,532,800, karibu MiB 95. Soma `CmaTotal` na `CmaFree` kwenye `/proc/meminfo`; jumla ikiwa ndogo weka `cma=256M`. Lakini kama `CmaFree` inashuka kila unapofungua na kufunga programu ile ile, kuongeza CMA ni kuchelewesha tu. Kuna `drm_gem_object_put` inayokosekana, mara nyingi kwenye njia ya makosa.

-22 ni ukaguzi wa atomiki uliokataa. Ukiwa na 0x16 logi itataja sababu kwa maneno, kwa mfano `Invalid scaling of plane` au `Plane must cover entire CRTC`. Usikisie.

## Inaanguka ukiondoa moduli, au ikiamka kutoka usingizini

Umetumia `devm_kzalloc` kwa CRTC, enkoda au konekta. Kumbukumbu hiyo hufutwa kifaa kinapoondoka, wakati programu bado imeshika faili la `/dev/dri/card1` na itakuja kuigusa. Vitu vya DRM vinaishi kwa umri wa `drm_device`, si wa kifaa: tumia `devm_drm_dev_alloc` na jamii ya `drmm_`. Sehemu zinazogusa rejista zizungushie `drm_dev_enter` na `drm_dev_exit`. Washa KASAN (kikaguzi cha kerneli cha matumizi mabaya ya kumbukumbu) ukipima. Bila hiyo kosa hili huonekana mara moja kwa wiki na kila mara mahali tofauti.

Kulala na kuamka kwa draiva ya kawaida ni `drm_mode_config_helper_suspend` na mwenzake wa `resume`. Kupima bila kuhatarisha mashine, andika `devices` kwenye `/sys/power/pm_test` kisha `mem` kwenye `/sys/power/state`. Vifaa vitalazwa, mashine itasubiri sekunde 5 na kurudi yenyewe.

## Umeme ulikatika katikati ya kazi

Dalili si ya draiva, ila inafanana nayo. `make` inalalamika kuwa faili la `.o` halitambuliki, au `modprobe` inakataa moduli iliyokuwa nzima jana. Ni mafaili ya baiti sifuri: majina yaliandikwa, yaliyomo hayakuwahi kufika kwenye diski.

`find . -name '*.o' -size 0 -delete`

Git ikisema `object file ... is empty`, futa mafaili matupu ndani ya `.git/objects` kwa njia hiyo hiyo kisha `git fetch`. Baada ya `make modules_install` andika `sync`. Na fupisha kazi yenyewe: `make localmodconfig` huacha moduli zilizopakiwa kwenye mashine yako tu, na kuzima `DEBUG_INFO` huokoa gigabaiti nyingi za diski.

Kuhusu bando: `git clone --depth 1` ni rahisi kupakua, ila huwezi kufanya `git bisect` (kutafuta badiliko lililoleta kosa kwa kugawa historia nusu kwa nusu) juu yake. Tumia `--filter=blob:none`, ambayo inaleta historia yote na kuchukua yaliyomo pale yanapohitajika. Mabadiliko 16,000 humalizwa na `bisect` kwa hatua 14. Mantiki isiyogusa kifaa ipime kwa `modprobe vkms`, ambayo ni skrini ya kufikirika.

## Nyaraka zinagoma kujengeka

Jenga sehemu ya michoro tu: `make SPHINXDIRS=gpu htmldocs`. Matokeo yanaingia `Documentation/output`.

`Function parameter or struct member 'x' not described` maana yake umebadilisha sahihi ya kitendakazi ukaacha maelezo ya zamani. `make W=1` inakuonyesha hilo wakati wa kukompaili. `Unexpected indentation` karibu kila mara ni orodha iliyokosa mstari mtupu kabla yake. `document isn't included in any toctree`: faili lako la `.rst` halijatajwa kwenye `index.rst`.

Maelezo yakijengeka bila onyo lakini hayaonekani, angalia mambo mawili: maoni yameanza na `/*` badala ya `/**`, au faili la `.rst` linatumia `:export:` wakati kitendakazi hakina `EXPORT_SYMBOL`. Hapo weka `:internal:`.

Kuhusu maudhui, andika vikomo na vipimo. Kusema kitendakazi "kinaweka pitch" hakumsaidii mtu. Sema ni baiti, sema lazima igawanyike kwa 64, sema kinarudisha nini isipogawanyika, na kama kinaweza kuitwa ndani ya interapti. Sifa mpya ya konekta isipoelezwa thamani zake moja moja, mwandishi wa programu ya juu atazikisia, na makisio yake yatageuka kuwa ABI (makubaliano kati ya kerneli na programu) usiyoruhusiwa kuivunja.

## Kiraka kimerudishwa

Kiraka ni badiliko la msimbo unalowatumia watunzaji wa kerneli. `does not apply`: umekijenga juu ya mti usio wenyewe. Draiva ndogo huenda `drm-misc-next`. Kama mti ni sahihi, huenda programu ya barua pepe imegeuza vichupo kuwa nafasi. Tuma kwa `git send-email`, kamwe si kwa kunakili na kubandika.

Kabla ya kutuma pitisha `scripts/checkpatch.pl --strict`, na orodha ya wa kutumiwa itoke kwa `scripts/get_maintainer.pl`. Kiraka kinachorekebisha kosa kiwe na mstari wa `Fixes:` wenye herufi 12 za kitambulisho, la sivyo matoleo ya zamani yanaweza yasikipate. Devicetree mpya ipite `make dt_binding_check`, na iwe kiraka cha peke yake kinachotangulia draiva. Kitu chochote kipya ambacho programu za juu zitakiita kinahitaji programu huria inayokitumia, iliyokwisha kukaguliwa na wenyewe. Kiraka cha kipengele kipya kikifika baada ya -rc6 (toleo la sita la majaribio) kitasubiri dirisha la toleo linalofuata. Marekebisho ya makosa hayangojei.